Chuo kimesajiliwa, sawa. Na anaefundisha je? Tuelewane kuhusu makaratasi ya wakufunzi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka tu, Mombasa yote hujaa mabango ya vyuo, Mwembe Tayari mpaka Buxton, Likoni mpaka Mtwapa huko, na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi maswali huwa ni yale yale: chuo fulani kimesajiliwa? kozi yake yatambulika? na mbona kile kingine twaskia wakaguzi wamesema hakina wakufunzi waliohitimu ilhali mmoja wao namjua mie ana digrii mbili? Majibu hapo ndo huzidi kuchanganya, huyu asema lazima mwalimu awe na nambari ya TSC, ile tume ya walimu, yule asema bila PhD hakuna kitu, mwengine asema bora vyeti viwe na muhuri wa wakili basi yatosha. Kazi yangu ni kupanga faili za wakufunzi chuo kikijitayarisha kwa ukaguzi, na haya mambo yaniuma kusema kweli, manake mzazi auza mbuzi, auza kiwanja, mtoto asoma miaka miwili halafu cheti chaja kuwa na shida. Kwa hivo wacha niyafungue polepole.

Kwanza maneno tuyaweke sawa. Ithibati ni pale chombo chenye mamlaka kinapokagua chuo au kozi na kusema ndio, hapa pamefikia kiwango, mwaweza kufundisha. Mkufunzi ni yule anaefundisha chuo cha ufundi, mhadhiri ni wa chuo kikuu, mwalimu ni wa shule. Halafu kuna vitu vitatu ambavyo watu huvifanya kitu kimoja. Chukua matatu. Gari lina nambari yake ya usajili, hiyo yaonyesha tu gari liko kihalali. Lina kibali cha njia, la Likoni–Ukunda haliwezi kuamka asubuhi likaanza kubeba watu wa Mtwapa. Na dereva ana leseni yake ya PSV yenye jina lake na picha yake, sio ya binamu yake. Chuo ni hivo hivo, kuna usajili wa taasisi, kuna idhini ya kila kozi, na kuna sifa za kila anaeingia darasani. Bango likiandika "tumesajiliwa" limekujibu swali la kwanza tu, hayo mawili mengine bado hayajajibiwa.

Nani akagua? Inategemea chuo. Vyuo vya ufundi, kuanzia vile vidogo vya ghorofani mjini mpaka Kenya Coast National Polytechnic, viko chini ya TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013, na hii yasajili vyuo, kozi na hata wakufunzi wenyewe mmoja mmoja. Vyuo vikuu, mfano Technical University of Mombasa hapo Tudor ambacho kilipata hati yake ya chuo kikuu 2013, viko chini ya tume ya CUE kwa sheria ya vyuo vikuu ya 2012. Halafu kuna kozi zenye wenyewe: uuguzi una baraza lake, na mambo ya ubaharia yako kwa Kenya Maritime Authority. Kozi moja yaeza kukaguliwa na wawili. Kumbuka pia kwamba mtahini sio mkaguzi, KNEC na TVET CDACC hushughulika na mitihani na tathmini, kwa hivo mtu kukwambia "sisi twafanya mtihani wa KNEC" hajakuambia lolote kuhusu anaekufundisha.

Sasa tuje penyewe. Watu wengi, na wakuu wa vyuo wengine wamo, wadhani mkaguzi huja kuuliza "mkufunzi ana digrii?" Hapana. Swali lake ni refu kidogo: mtu huyu, kwa yuniti hii anayofundisha (yani somo moja ndani ya kozi), kwa ngazi hii ya wanafunzi, ana sifa gani, na ushahidi wake uko wapi? Lazima yote yashikane. Ukitoa moja faili imeanguka hata kama mtu ni msomi wa kutisha.

Ngazi ndo rahisi kueleza. Kenya ina mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, sheria yake ni ya 2014 na mwenye kuusimamia ni KNQA, una ngazi 1 mpaka 10. Diploma ni ngazi ya 6, digrii ya kwanza ni ya 7, uzamili ni ya 9, PhD ni ya 10. Desturi ya kawaida ni kwamba anaefundisha awe amefika juu kidogo ya pale anapompeleka mwanafunzi, kwa hivo mwenye diploma kufundisha darasa la diploma hapo tayari maswali yashaanza.

Yuniti sasa ndo penye kazi, na hapa ndo faili nyingi huangukia. Hebu tuangalie moja kwa karibu. Mkufunzi ana digrii ya biashara, nzuri kabisa, amefaulu vizuri, chuo kikampa vipindi vya uhasibu kwa wanafunzi wa diploma kwa sababu "biashara na uhasibu si ni kitu kimoja". Cheti chake cha digrii ni ukurasa mmoja, chasema Shahada ya Biashara, basi. Lakini fungua transkripti yake, ile orodha ya masomo yote aliyosoma na alama zake, uone, uzito wake wote ni masoko, mwaka wa tatu masoko, wa nne masoko, utafiti wake wa mwisho ulikuwa wa masoko, na uhasibu alisoma yuniti mbili za mwanzo mwaka wa kwanza. Mkaguzi aona hiyo kwa dakika moja. Mtu huyo sio muongo na wala sio mjinga, amewekwa tu mahali sipo, na alaumiwe aliyepanga ratiba. Ndo mana mie nikipokea faili isiyo na transkripti huirudisha, cheti peke yake hakisemi mtu alisoma nini.

Na kinyume chake chawezekana pia, kuna watu ambao jina la digrii zao halifanani na yuniti lakini transkripti yawabeba. Aliyesomea ualimu wa hisabati na fizikia, amepiga hisabati miaka yote minne, aweza kufundisha hisabati ya ufundi vizuri sana na faili ikasimama, bora chuo kiandike sentensi mbili tatu za kueleza kwa nini, na kitaje yuniti alizosoma kwa majina yake.

Hii ya kuunganisha mtu na yuniti haikuzuliwa hapa. Kule majimbo ya kusini ya Marekani shirika lao la ithibati, SACSCOC, lina fomu maalum ya orodha ya wahadhiri: jina, kozi anazofundisha, sifa za kielimu zinazohusiana na kozi hizo, halafu safu ya mwisho ya sifa nyengine na maelezo. Na mwongozo wao wajulikana sana, mtu wa kufundisha masomo ya jumla ya digrii ya kwanza awe na uzamili katika somo lenyewe, au uzamili wa somo jengine lakini ndani yake awe na angalau saa 18 za mkopo ("credit hours", kipimo chao cha uzito wa kozi, sio saa za ukutani) za masomo ya ngazi hiyo katika somo analofundisha. Waona walivyofanya, hawakusema tu "awe na uzamili", wamesema uzamili wa nini, na kama sio huo basi kiasi gani cha somo. Naipenda sana ile safu ya mwisho na ningetaka kila chuo hapa kiwe nayo kwenye jedwali lake, manake ndo inayomlazimisha mkuu wa idara kufikiri kabla ya kupanga ratiba, sio wiki moja kabla ya wakaguzi kuja.

Ushahidi sasa. Faili iliyokamilika kwa kawaida ina kopi ya kitambulisho, CV yenye tarehe na saini, vyeti vyote kuanzia KCSE mpaka cha juu kabisa, transkripti zake, leseni ya mkufunzi kutoka TVETA ambayo haijapitwa na wakati, usajili wa chombo cha taaluma kwa wanaohitaji, barua ya ajira inayotaja anafundisha nini, na rekodi za mafunzo aliyoongeza. Na kitu ambacho wengi hawana: barua ya uthibitisho kutoka huko cheti kilikotoka.

Hapa kuna imani moja imeenea sana Pwani, kwamba ukipeleka kopi kwa wakili akagonga muhuri basi cheti kimethibitishwa. Sivyo. Wakili ameona karatasi mbili, akasema hii kopi yafanana na hii ulioniletea kama asili. Kama hio asili yenyewe ilichapishwa kichochoroni, muhuri umegongwa juu ya kopi halisi ya cheti bandia. Kuthibitisha ni kuuliza aliyetoa: chuo kikuu kiandikiwe kwa anwani yake rasmi na kijibu kwa barua, KNEC iombwe na ipeleke uthibitisho wa matokeo kwa taasisi yenyewe, sio barua iliyobebwa na mwenye cheti mfukoni. Mwenye kuthibitishwa hafai kuwa tarishi wa barua yake. Na hii sio kushuku watu bure, Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya ukaguzi wa vyeti kwenye taasisi za serikali na waliopatikana na vyeti vya kughushi walipita 2,000. Hao walikuwa kazini tayari, washaajiriwa, washapandishwa vyeo wengine.

Vyeti vya nje navyo. Sisi Pwani tuna watu wengi waliosoma Madina, Cairo, Khartoum, India, na Uganda ndo usiseme. Digrii hizo zaeza kuwa halali kabisa lakini hapa zatakiwa zitambuliwe na kulinganishwa, na kwa digrii kazi hiyo yafanywa na CUE, ambao huangalia chuo kilichotoa chatambulika kwao na kozi hiyo yalingana na ngazi gani ya kwetu. Cheti kikiwa kwa Kiarabu kitafsiriwe na mtafsiri anaekubalika kabla hujaanza. Mtu asione amedharauliwa kuambiwa hivyo, mkaguzi hasemi hujasoma, asema tu karatasi yako bado haijasomeka kwenye mfumo wetu.

Na majina jamani! Hili dogo lakini lasumbua kupita kiasi na watu wa bara hawalielewi sana. Cheti cha KCSE chasema Saleh, kitambulisho Swaleh, digrii Swalehe. Au shuleni aliandikwa Hadija, kitambulisho kikaja Khadija na jina la babu limeongezwa mwisho, halafu baada ya ndoa leseni ikatoka na jina jengine. Sisi tukiangalia twajua ni mtu mmoja, lakini kwa mkaguzi aliyekaa na mafaili arubaini mbele yake hao ni watu watatu. Dawa yake haina gharama kubwa, hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, au kama jina lilibadilishwa kabisa basi hati rasmi ya kubadilisha jina, na iwekwe ukurasa wa kwanza wa faili, sio wa mwisho.

Sasa tuje kwa wale ambao mie huwatetea zaidi, wenye ujuzi wa mikono. Mtu amekuwa injinia mkuu melini miaka ishirini, au mpishi mkuu hoteli za Nyali tangu ujana wake, digrii hana. Watu husema huyo hawezi kufundisha chuo kwa sababu hana makaratasi. Ana makaratasi, ni vile hamjayaona kama makaratasi! Ubaharia watufundisha hapa. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW wa 1978, una kanuni maalum, I/6, inayohusu wanaofundisha na wanaotathmini. Inataka mkufunzi awe mwenyewe amehitimu katika kazi ile anayoifundisha na aelewe malengo ya mafunzo, na akitumia simuleta, mtambo wa kuigiza kazi ya melini, basi awe amepewa mwongozo wa jinsi ya kufundisha kwa simuleta na awe ameitumia kwa vitendo aina ile ile ya simuleta iliyoko chuoni. Kenya iliingia orodha nyeupe ya IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, mwaka 2010, yani ilikubalika kwamba inautekeleza mkataba huo vilivyo, kwa hivo vyuo kama Bandari Maritime Academy havina budi kuyaweka haya kwa maandishi.

Kwa hivo faili ya injinia wetu wa meli yajengwa vipi? Cheti chake cha umahiri kinachosema cheo alichofikia na aina ya mitambo. Kitabu chake cha baharia ambacho kila safari imeandikwa, jina la meli, tarehe ya kupanda, tarehe ya kushuka, cheo, muhuri wa nahodha. Hicho kitabu kina ushahidi mzito kuliko barua nyingi za sifa ambazo nimeziona, kwa sababu kiliandikwa wakati kazi yafanyika, hakikuandikwa ili mtu apate kazi. Halafu cheti cha kozi ya ukufunzi, kuna ile ya IMO nambari 6.09, kuonyesha ameelekezwa jinsi ya kufundisha, manake kujua kazi na kujua kuifundisha ni vitu viwili. Mpishi naye barua za waajiri zitaje tarehe za kuanza na kumaliza na kazi alizokuwa akifanya hasa, sio "alikuwa mfanyikazi mwenye bidii na mwaminifu", hio haimsaidii. Na yule fundi wa jua kali ambaye hana hata barua moja, sasa kuna njia ya kutathminiwa ujuzi wake na kupewa cheti bila kurudi darasani, KNQA ndo wenye sera hiyo, aanzie hapo kwanza.

Swala la TSC nalimaliza haraka: TSC yasajili walimu wa shule na wa vyuo vya ualimu kama Shanzu. Nambari yake ni kitu kizuri na yaonyesha mtu amesomea ualimu, lakini haichukui nafasi ya leseni ya TVETA kwenye chuo cha ufundi, wala haithibitishi kwamba mtu ajua kuchomelea chuma.

La PhD lina historia. 2014 CUE ilitoa mwongozo kwamba cheo cha mhadhiri chuo kikuu kitake PhD, wenye uzamili wakapewa miaka mitano wamalize, yani mpaka 2019. Ikazua mabishano makubwa na vyama vya wahadhiri, muda ukafika na wengi hawajamaliza. Habari hizo ndo zilizowafanya watu waamini kila anaefundisha popote lazima awe daktari wa falsafa. Mwongozo ule ulikuwa wa vyuo vikuu, na hata huko kuna vyeo vya chini ya mhadhiri ambavyo mwenye uzamili hushika. Chuo cha ufundi kikijisifu kina PhD watatu ni sawa, lakini waulize wao ndo waingiao darasa la mtoto wako?

Na hilo lanileta kwenye ubaya unaoniudhi kuliko yote. Kuna vyuo hukodisha vyeti. Faili ni nzuri, cheti cha kweli, leseni ya kweli, mtu mwenyewe haonekani, anaefundisha ni kijana aliyemaliza pale pale mwaka jana. Mkaguzi mzuri hujua kuwapata, haangalii faili peke yake, alinganisha faili na ratiba, ratiba na rejista ya darasa, rejista na orodha ya mishahara, halafu aingia darasani awaulize wanafunzi jina la anaewafundisha. Jina likikosa kulingana mahali pamoja tu, basi. Wanafunzi ndo wanaodhulumiwa hapo, na yule mwenye cheti aliyekubali kukikodisha kwa elfu chache ajue leseni yake yaharibika yeye, sio ya mwenye chuo.

Mzazi au mwanafunzi afanye nini? Ingia kwenye mtandao wa TVETA uangalie chuo kiko kwenye orodha na kwa kozi gani hasa, halafu nenda ofisini uombe kuona idhini ya ile kozi unayotaka, yenyewe kwa jina. Uliza nani afundisha yuniti kuu na kama ana leseni. Usiombe kopi za vyeti vya watu, hizo ni data zao binafsi na sheria ya 2019 yazilinda, na chuo kinachotupia vyeti vya wakufunzi kwenye grupu la WhatsApp ili kujisafisha nacho chavunja sheria. Chuo kilichojipanga kitakujibu hapo hapo bila kununa.

Kwa wakufunzi, hasa nyinyi wa vipindi mnaozunguka vyuo vitatu kwa wiki, wekeni faili yenu wenyewe nyumbani, kila kitu kimeskaniwa, barua ya kila semista inayotaja yuniti ulizofundisha muiombe semista ikiisha, msingoje mpaka mkuu wa idara ahame. Angalieni tarehe ya leseni.

Na kwa wenzangu wa ofisini: mkufunzi akiondoka katikati ya mwaka msitupe faili yake. Kuna wanafunzi waliofundishwa nae na mkaguzi akija mwaka ujao ataulizia semista ile. Andikeni tarehe aliyotoka, nani alichukua yuniti zake na kuanzia wiki gani, na faili ya huyo wa pili iwe kamili kabla hajaingia darasani siku ya kwanza, sio baada.